Kipimo cha Kinanda: Habari za Mazimbu na Milima ya Uluguru

Neno kinanda lina umri mkubwa kuliko chombo ambacho watu wengi hukitaja kwalo leo. Katika ushairi wa kale wa pwani, hasa wa Lamu na visiwa vya jirani, kinanda kilikuwa chombo cha nyuzi, cha jamii ya gambusi, kilichopigwa arusini na katika mabaraza ya waungwana. Wazungu walipoanza kutunga kamusi za Kiswahili katika karne ya 19 walikuta jina hilo limekwisha kupanuka, likitumika kwa karibu kila chombo cha muziki kilichoshuka melini. Piano ilikuwa kinanda, kodiani ilikuwa kinanda, na santuri ilipokuja nayo ikaitwa kinanda. Lugha haikujali kama sauti hutoka katika uzi, au katika upepo, au katika sindano. Ilijali kwamba mtu mmoja ameketi mbele ya kitu kidogo, na kitu hicho kinajaza nyumba nzima.

Kwa hiyo si ajabu kwamba sinthesaiza, chombo cha umeme kinachounda sauti zake chenyewe, nacho kimeingia katika jina hilo bila kubisha hodi. Lakini pamoja na jina kimeleta swali ambalo mwenye gambusi hakuulizwa: kiwe kirefu kiasi gani? Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Hapo, kama penginepo, waimbaji wa kwaya wakichanga fedha za kununulia kinanda hukuta dukani vyombo vya vibao 49, na vya 61, na vya 76, na vya 88. Na mashauri yao aghalabu huanzia kwenye bei na kuishia kwenye bei. Hudhaniwa kuwa swali hili lilikuja na umeme. Waama limepita katika njia hiyo hiyo ya Morogoro kwa zaidi ya miaka mia, na mara zote jibu lake limetokana na mambo mawili: nani atakibeba kinanda, na mkono wa kushoto utafanya kazi gani.

Kwanza msomaji asiye mpigaji aelezwe kipimo chenyewe. Oktava moja ina vibao 12, vyeupe saba na vyeusi vitano, kisha mpangilio hurudia. Kinanda cha vibao 37 kina oktava tatu, cha 49 oktava nne, cha 61 oktava tano, na katika kila kimoja huongezwa kibao kimoja cha kufungia. Piano kamili ina vibao 88, yaani oktava saba na vibao vinne. Haikuzaliwa hivyo. Piano za kwanza, zilizotengenezwa na Bartolomeo Cristofori wa Italia karibu na mwaka 1700, zilikuwa na oktava nne na ushei tu. Urefu wa vibao 88 ulikuja kuwa desturi katika miaka ya 1880, baada ya viwanda kupata fremu za chuma zenye nguvu ya kuhimili mvuto wa nyuzi nyingi. Hata hapo piano ya kusimama wima ilikuwa na uzito wa kilo 200 au zaidi, na chombo cha namna hiyo huishi pale tu penye barabara, au reli, au bandari.

Morogoro ya miaka hiyo haikuwa na reli. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliweka misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, na kutoka hapo wakaenea bara hadi chini ya Milima ya Uluguru. Njia yao ilikuwa njia ya misafara, na kila kitu kilichopita humo kilipita juu ya kichwa au bega la mpagazi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa na kipimo kilichojulikana na kila mfanya biashara, nao ulikuwa frasila mbili hivi, karibu na kilo 30. Kilichozidi hapo kilifunguliwa vipande, au kilichukuliwa na watu wawili kwa mti, ambayo ni namna mbaya sana ya kusafiri katika vijia vyembamba. Basi, kabla ya padri au mwalimu kuuliza nyimbo zake zinahitaji oktava ngapi, frasila ilikuwa imekwisha kumjibu.

Viwanda vya Ulaya na Marekani vilifahamu shida hiyo. Hamoniamu, ambayo Mfaransa Alexandre Debain aliiandikishia haki mwaka 1842, haina nyuzi wala fremu ya chuma. Sauti yake hutoka katika ndimi nyembamba za shaba zinazotikiswa na upepo wa mvukuto. Ilikuwa nyepesi tangu asili, na baadaye ikatengenezwa ya kukunja, ambayo miguu yake, mvukuto wake na vibao vyake viliingia pamoja katika sanduku mfano wa sanduku la nguo. Kampuni ya Bilhorn ya Chicago ilijipatia sifa kwa vinanda vya namna hiyo, vilivyopendwa na wahubiri wa safari na makasisi wa jeshi. Aghalabu vilikuwa na oktava tatu na nusu au nne. Urefu huo haukuchaguliwa na sikio la mtu. Ulichaguliwa na bega.

Reli ya Kati ilifika Morogoro mwisho wa mwaka 1907, na tangu siku hiyo kinanda kizito kiliweza kufika mjini. Lakini reli haikupanda mlima. Uluguru huinuka hadi zaidi ya mita 2,600, na vijiji vyake vingi viko juu ya matuta ambayo hata leo, wakati wa masika, gari hushindwa kuyakaribia. Hivyo katika mkoa mmoja vilikuwapo vipimo viwili: chini stesheni, na juu mgongo wa mtu. Jambo hili halikwisha, na litarudi mwishoni mwa habari hii.

Upande wa pili wa bahari kulikuwa na jibu jingine, nalo lafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndilo linalofumbua fumbo la vinanda vya leo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mafundi wa Calcutta, Dwarkanath Ghose akiwa mashuhuri zaidi kati yao, waliichukua hamoniamu ya Ulaya wakaiondoa miguu. Wapigaji wa Bara Hindi huketi chini. Kwa hiyo mvukuto uliwekwa nyuma ya kinanda, ukavutwa kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia peke yake ukabaki juu ya vibao. Mara moja urefu wa oktava tano ukawa hauna maana, kwa kuwa mkono mmoja haufikii kote wala hauna haja ya kufika. Oktava tatu, au tatu na nusu, zikatosha. Muziki wenyewe haukudhurika, maana muziki wa Bara Hindi hutembea kwa sauti moja inayopambwa, si kwa sauti nne zinazokwenda bega kwa bega. Chombo hicho kikavuka na majahazi na meli hadi Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, na taarabu ikakipokea bila taabu, kwa sababu nayo hutembea kwa sauti moja, kila mpigaji akiipamba kwa njia yake. Palikuwa na kasoro moja: vibao haviwezi kutoa sauti zilizo kati ya kibao na kibao, ambazo makamu za Kiarabu huzitaka na ambazo fidla na udi huzitoa bila kuombwa. Kasoro hiyo iliendelea kuonekana hata kodiani ilipokuja kukaa katika nafasi ya hamoniamu.

Misheni za bara zilihitaji kitu kingine. Wimbo wa kanisa wa sauti nne, soprano, alto, teno na besi, hutaka mikono miwili: kulia kuna sauti mbili za juu, kushoto mbili za chini, na mvukuto huachiwa miguu. Hata hivyo wimbo kama huo haudai piano ndefu. Kutoka besi ya chini hadi soprano ya juu, kwaya ya kawaida haizidi sana oktava tatu. Vibao 49 vyatosha kuibeba yote kama ilivyoandikwa, na nafasi hubaki pande zote mbili. Jambo hili lastahili kukumbukwa na kila anayedhani kwamba kwaya yake inaimba vibaya kwa kuwa kinanda chake ni kifupi.

Tena kulikuwa na ufundi mwingine uliopunguza utawala wa kinanda kabisa. Mwingereza John Curwen, katikati ya karne ya 19, alieneza nota za do-re-mi zinazoandikwa kwa herufi tu, bila mistari. Karatasi na penseli, au ubao na chaki, vikawa vyatosha kufundishia kwaya nzima. Mwalimu hupewa sauti ya kuanzia na chombo chochote, au koo lake mwenyewe, na wengine hupima umbali kutoka hapo. Nota hizo ziliingia shule za misheni Afrika ya Kusini na Afrika ya Mashariki pia, na kwaya za Tanzania huzitumia hata leo. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, aliuandika kwa nota hizo wimbo wake Nkosi Sikelel' iAfrika. Tangu 1925 ulikuwa wimbo rasmi wa ANC, na mwaka 1961 sauti yake ilichukuliwa kuwa wimbo wa taifa la Tanganyika, Mungu Ibariki Afrika. Hivyo wimbo mkubwa kuliko nyimbo zote za bara hili ulisafiri kutoka kusini hadi mashariki katika karatasi isiyo na picha ya kibao hata kimoja.

Watu wa nyimbo hizo mbili walikutana Mazimbu. ANC ilikuwa Morogoro tangu miaka ya 1960, na mkutano wake mashuhuri wa mashauriano ulifanyika mjini humo mwaka 1969. Baada ya maasi ya Soweto ya tarehe 16 Juni 1976, vijana wengi walivuka mipaka wakiwa hawana shule, na mwaka 1977 serikali ya Tanzania ikawapa wakimbizi hao ardhi Mazimbu, mahali palipokuwa shamba la mkonge lililoachwa. Hapo kilijengwa Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu, kwa jina la kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Oliver Tambo alikifungua rasmi tarehe 21 Agosti 1985. Tarehe 9 Julai 1992, makosi ya ukimbizi yakiwa yanarejea nyumbani, majengo yote yalikabidhiwa kwa Tanzania, yakawa sehemu ya chuo kikuu.

Katika mambo ya muziki, makutano hayo yalikuwa ya watu wawili wasiofanana. Mji wa Morogoro ulikuwa mji wa magitaa na tarumbeta. Morogoro Jazz ilikuwapo tangu 1944. Salum Abdallah alijenga Cuban Marimba na kuiongoza hadi kifo chake mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe aliyepata sifa katika Morogoro Jazz aliondoka mwaka 1973 kuanzisha Super Volcano, akafa kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979, mwaka ule ule aliouawa Mahlangu. Katika bendi hizo kazi ambayo kwingine ingefanywa na kinanda iligawanywa: gitaa la solo, la rithimu na la besi, kila moja na mtu wake. Vijana wa kusini kwa upande wao walitoka katika miji ambayo muziki wake ulilelewa na vibao. Marabi, muziki wa vitongoji vya Johannesburg katika miaka ya 1920 na 1930, ulipigwa kwa piano na kwa vinanda vya kukanyaga, mpigaji mmoja akizungusha nyimbo zake juu ya mafungu matatu ya sauti usiku kucha, mkono wa kushoto ukiwa ngoma na besi kwa pamoja. Na katika miaka ile ile ambayo chuo cha Mazimbu kilikuwa kikijengwa, muziki wa dansi wa vijana nyumbani kwao ulikuwa ukigeukia sinthesaiza. Brenda Fassie alijulikana kwa Weekend Special mwaka 1983.

Lakini ukimbizi hauna nafasi ya kubeba kinanda. Kilichovuka mipaka ni koo. Nyimbo za mapambano ziliimbwa kwa sauti nyingi bila chombo, mmoja akianzisha na wengine wakipokea, miguu ikishika mapigo. Na waliposimama kuimba wimbo wa Sontonga, Mtanzania aliyesimama kando yao aliweza kuingia katika sauti yake kwa maneno yake mwenyewe. Mtu anayeitafuta historia ya kinanda Mazimbu hapana budi akiri kwamba sura yake yenye nguvu kuliko zote ni sura ambayo kinanda hakimo. Sauti nne zilikuwa zimekwisha kugawanywa kwa watu wanne, na mkono wa kushoto haukutakiwa.

Miaka hiyo hiyo chombo chenyewe kilikuwa kikibadilika upesi mno. Minimoog ya mwaka 1970 ilikuwa na vibao 44 na iliweza kutoa sauti moja tu kwa wakati mmoja, kama filimbi ya gharama kubwa. Mwaka 1983 Yamaha ilitoa DX7 yenye vibao 61, na mwaka huo huo viwanda vikakubaliana lugha moja ya kuunganisha vinanda, iitwayo MIDI, ambayo kwayo kinanda kifupi chaweza kukiamuru kirefu. Korg M1 ya 1988 nayo ilikuwa na vibao 61. Hivyo oktava tano, urefu wa hamoniamu ya kanisa, ukawa urefu wa kawaida wa ulimwengu mzima. Chini yake vilikuwapo vile vidogo vya Casio, vyenye vibao vyembamba vya vidole vya watoto. Wengi waliviona kuwa vitu vya kuchezea. Lakini mwaka 1985 wimbo wa Wayne Smith wa Jamaika, Under Mi Sleng Teng, ulijengwa juu ya mdundo uliokuwa umewekwa tayari katika kimoja cha vinanda hivyo, MT-40 chenye vibao 37 vidogo, na muziki wa rege ukageuka njia.

Hapa ndipo penye fumbo. Sinthesaiza iliyoenea katika makanisa na kumbi za Tanzania siyo ile ya kuunda sauti kwa subira. Ni ile yenye midundo ya tayari. Mpigaji hushika fungu la sauti kwa mkono wa kushoto, na kinanda huongeza chenyewe ngoma, besi na gitaa. Ili kufanya hivyo, kinanda cha vibao 61 hukatwa sehemu mbili: oktava moja na nusu hivi ya kushoto huwa ya kuamuru, na oktava tatu na nusu hubaki kwa mkono wa kulia. Urefu huo uliobaki ni ule ule wa hamoniamu ya Calcutta. Mkono wa kushoto umerudi kuvuta mvukuto, ila sasa mvukuto ni wa umeme, na badala ya upepo unavuta wapigaji ambao hawapo.

Taarabu ya kisasa ya miaka ya 1990, ya vikundi kama East African Melody na TOT, iliukubali mpango huo, na mtu mmoja au wawili wa vinanda wakashika nafasi ya wapiga fidla, ganuni na udi. Viwanda vilikwisha kuongeza vidude vya kushusha vibao kwa robo, kwa ajili ya masoko ya Kiarabu. Kwa hiyo ile kasoro ya zamani ilipata dawa katika baadhi ya vyombo. Faida yake haikuwa ndogo: kikundi kilichohitaji lori kilienda kwa teksi. Hasara yake ilikuwa watu. Katika kwaya hasara ni ya namna nyingine, nayo ni ya hatari zaidi kwa kuwa haionekani. Besi inayotoka katika spika ni kubwa kuliko besi ya wanafunzi wanne waliosimama nyuma, na baada ya muda wanafunzi hao huacha kuitafuta sauti yao katika nota. Huifuata ile ya mashine, au huimba ya kwanza pamoja na wengine. Kwaya iliyokuwa na sauti nne hubaki na moja na kinanda.

Ukiitazama kwa jicho hilo, hoja ya dukani hubadilika. Kinanda cha vibao 88 ni cha anayejifunza piano, kwa kuwa vibao vyake huwa vizito kama vya piano na maandishi ya piano hutumia oktava zote saba. Kina urefu wa mita 1.3 na uzito unaoanzia kilo 11 hivi, na karibu vyote hutaka umeme wa ukutani. Kinanda cha 61 hakifiki mita moja, kina kilo nne au tano, na vingi vya aina hiyo hukubali betri, jambo ambalo mtu aliyeimba Morogoro wakati wa mgawo wa umeme hahitaji kuelezwa. Cha 76 hununuliwa na anayetaka kuukata mpini kwa midundo ya tayari na bado apate nafasi ya kutosha kulia. Cha 49 hudharauliwa, nacho, midundo ikizimwa, hubeba sauti zote nne za kwaya kwa mikono miwili. Juu ya hayo kuna upana wa kibao, ambao wanunuzi husahau kuupima. Oktava ya piano ni sentimita 16 na nusu hivi. Kidole cha mtu mzima kilichozoea hapo hupotea katika vibao vyembamba, na mtoto aliyejifunza katika vyembamba hulazimika kuanza upya.

Na mlima bado uko pale pale. Kwaya ya chini inapoalikwa parokia ya juu Uluguru, gari huishia barabara inapoishia, na kinachobaki hupanda kwa pikipiki au kwa miguu. Kinanda cha 61 hufungwa katika mfuko wake, mtu akakivaa mgongoni nyuma ya dereva, akiinamisha kichwa kidogo ili ncha yake isipige matawi. Cha 88 huachwa Mazimbu. Wakati mwingine, mvua ikiwa kubwa, hata cha 61 huachwa, na mwalimu hupanda na karatasi za nota ndani ya shati.